Pwani Niliyoiandika Kuwa Tupu

Kazi yangu ilikuwa kuinadi nchi. Sina neno bora kuliko hilo. Muuza samaki hunadi samaki, mnadi wa mifugo pale Samburu ya barabara ya Mombasa hunadi ng'ombe, na mimi nilinadi mchanga, jua na viwanja vinavyokabili bahari. Tofauti yetu ni kwamba mnunuzi wa ng'ombe humfungua mdomo akayatazama meno. Mchanga wangu ulinunuliwa na watu waliokaa mbali, kwenye baridi, wakitazama kijarida chenye picha sita na maneno niliyoyaandika mimi.

Nawaandikia nyinyi vijana mlioichukua kazi hii baada yetu. Nimeviona vyombo vyenu vinavyoruka na kupiga picha kutoka juu. Nimewaona mkiipunguza pwani nzima ikaingia kwenye simu, mkaondoa kwa kidole kila kisichowapendeza. Sisemi msifanye. Nataka tu kuwasimulia jinsi nilivyokaribia kumnyang'anya mwanamke mmoja wa Mwabungo pwani yake, kwa mikono yangu miwili na sentensi moja, huku nikijiona mzalendo.

Kwanza mnijue. Nilizaliwa Mkongani, juu kule Matuga, kwa wakulima wa mahindi na mihogo. Asubuhi zisizo na ukungu tuliiona bahari kwa mbali, mstari wa buluu chini ya anga, na kwa kuwa tuliiona tukadhani tunaijua. Nilisoma mpaka chuo kikuu, Kampala, nikarudi miaka michache baada ya Uhuru nikiwa na shahada, suti moja na maswali yasiyokwisha. Nilimwuliza imamu, nikamwuliza diwani, kisha nikamwuliza baba kwa nini alimpigia kura diwani yule. Mama alisema kisomo kimeniondolea kitako, na alisema kweli: sikuweza kukaa kitini nusu saa bila kuinuka kwenda dirishani. Hata sasa, nikiandika ukurasa huu, nimeshasimama mara nne.

Ofisi iliyoniajiri ilikuwa Mombasa, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Mkuu wetu alikuwa Bwana Mbuvi, mtu wa bara, mrefu, mpole wa sauti, asiyependa maneno mengi. Alinipa mwaka mmoja wa majaribio. Wiki ya kwanza tu nilimwuliza kama tulipigania Uhuru ili tuwape wageni kwa kijarida kile walichokichukua zamani kwa bunduki. Aliendelea kusoma barua yake mpaka akaimaliza.

"Rashidi," akasema, "shule za kwenu Kwale zitajengwa kwa kitu gani? Kwa hotuba zako? Nenda ukaandike."

Nikaenda nikaandika.

Kosa langu la kwanza lilihusu jua. Niliandika kwamba kusini mwa Mombasa jua huwaka kila siku ya mwaka. Niliona ni maneno mazuri, na kila mtu ofisini akayapenda, hata wale waliozaliwa pwani wanaoijua masika vizuri. Wageni kumi na wawili wakatua mwezi wa Mei. Gari likazama kwenye tope kabla ya Ukunda, mvua ikanyesha kana kwamba imelipwa, tukasukuma. Bibi mmoja wa makamo alijikinga kichwa kwa kijarida changu, akaniuliza kwa adabu kubwa kama hii ndiyo ile siku yenyewe ya mwaka. Tangu hapo nikaandika miezi. Nanyi andikeni miezi. Mgeni aliyeonywa kuhusu mvua huja na mwavuli, na asiyeonywa huja na wakili.

Mwalimu wangu hasa wa kazi hakuwa Bwana Mbuvi. Alikuwa Fernandes, mpiga picha, Mgoa wa Mombasa, mnene, mwenye kofia ya ukindu, aliyezungumza na kamera yake kwa upole ambao binadamu hatukuupata. Alinifundisha mambo ambayo hakuna chuo kinachoyafundisha. Pwani ya Diani jua hutokea baharini, kwa hiyo ukifika mapema utapata kivuli na macho ya kukunja. Ngoja mpaka saa nne ndipo maji yatoe ile rangi ya kijani. Mnazi mmoja uliopinda ni bora kuliko minazi kumi iliyonyooka. Usimpige picha mvuvi kabla hajakujua jina. Na kabla ya kubonyeza, tafuta kila kitu ambacho hakitakiwi, kwa sababu filamu ilikuwa ghali na hatukuwa na kidole chenu cha kufutia.

Nyayo, kwa mfano, hazikutakiwa. Fernandes alinikatia tawi la mvinje, akanifundisha kurudi kinyumenyume nikifagia nyayo zetu na za wengine wote, mpaka mchanga ukawa kama haujakanyagwa tangu uumbwe.

"Mgeni anataka kuwa wa kwanza," alinieleza.

Nikamwuliza wa kwanza vipi, na watu wameishi hapa kabla ya babu yake na babu yangu.

"Wa kwanza kwenye picha, baba. Fagia."

Nikafagia. Nilifagia Tiwi, nikafagia Diani, nikafagia mpaka Msambweni. Ndiyo maana siku nilipoambiwa niondoe vijiti sikuona ajabu.

Kipande tulichotumwa kukipiga kilikuwa kando ya Mwabungo, kuelekea Galu. Tajiri mmoja wa Ulaya alikuwa anatafuta mahali pa kujenga hoteli, na Bwana Mbuvi alitaka picha ya kumtia hamu. Tulikwenda siku za maji mafu, yaani zile siku za mwezi ambazo bahari haiendi mbali wala haiji mbali. Mtu wa Mkongani hayajui hayo. Kwangu bahari ilikuwa bahari. Fernandes akasimamisha kamera juu ya jiwe la matumbawe lililo bapa kama meza, akaangalia, akaguna.

"Kuna takataka majini."

Vilikuwa vijiti kumi na viwili, vimesimama huku na huku bila mpangilio, vichwa vyao juu ya maji kiasi cha shubiri mbili. Vingine vilifungwa vitambaa. Mimi nikaamua, pale pale, kwa elimu yangu, kwamba ni mabaki ya uzio wa zamani wa kutegea samaki. Juu ya njia alipita mtu akisukuma baiskeli iliyopakia nazi. Alitusalimu, nikamwitikia, akapita. Ningeweza kumwuliza. Lakini jua lilikuwa limefika mahali pake na Fernandes alikuwa akihema kwa haraka.

Nikakunja suruali, nikaingia. Maji yalinifika mapajani. Nikaving'oa kimoja kimoja. Cha mwisho kilikuwa na kitambaa chekundu kilichopauka, na ndicho kilichomuudhi Fernandes zaidi kwa sababu kilisimama katikati kabisa ya picha, sawasawa na pengo la mwamba kule mbele ambapo mawimbi hukatika. Kilikuwa kimeshika. Miguu yangu ilitoka kwenye mchanga mgumu ikaingia kwenye tope, nikayumba, nikavuta tena. Kilipotoka, Fernandes alipiga makofi. Nikavifunga vyote kwa ukuti, nikaviegemeza chini ya mvinje vizuri, kama mtu aliyewasaidia wenyewe kazi.

Picha ilitoka nzuri kuliko zote tulizowahi kupiga. Bwana Mbuvi aliibandika ukutani nyuma ya kiti chake. Chini yake niliandika kwa Kiingereza sentensi ambayo kwa lugha yetu ingesomeka hivi: pwani safi, isiyokaliwa wala kutumiwa na mtu, inayomngoja mwenye macho. Nilijivunia lile neno la macho. Tajiri alipopelekewa kijarida akavutiwa, akaomba kiwanja, na karani aliyeandaa ombi hakuona sababu ya kutunga maneno mapya wakati yangu yalikuwepo. Isiyokaliwa wala kutumiwa na mtu. Maneno ya kupamba picha yakahamia kwenye karatasi ya ardhi. Kwa kuwa hakuna aliyeitumia pwani ile, ukuta ungeweza kushuka mpaka majini, na hapakuwa na haja ya kuacha njia.

Nyinyi mnaosema maneno hayana uzito, kumbukeni hapo.

Tajiri akaandika kwamba anakuja. Alikuwa na ombi moja: atembee kwa miguu yake mpaka karibu na mwamba aone kina na sakafu ya bahari. Wakati huo nilikuwa nimeshajifunza kidogo. Nilikwenda bandarini nikaomba jedwali la maji, nikalisoma, nikajua kwamba siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya kwetu hukupwa mbali sana na huwa imefika mwisho wake kama saa nne au saa tano asubuhi. Nikachagua bamvua nzuri kabisa. Nilimwonyesha Bwana Mbuvi hesabu yangu nikaona ameridhika. Zilikuwa zimebaki wiki tatu nithibitishwe kazini.

Wanawake wa Mwabungo nao walikuwa wameichagua siku hiyohiyo. Hawakuhitaji jedwali.

Tulipoteremka garini, kilichotupokea kwanza ni harufu. Sijui niielezeje: mayai viza, yaliyopikwa ndani ya tope. Bwana Mbuvi alitoa kitambaa puani. Tajiri, mzee mkavu mwenye kaptula na kijarida changu mkononi, alinusa akatazama huku na huku. Tukapita mivinje, na pwani yangu ikatokea.

Ilikuwa imechimbwa yote. Bahari ilikuwa imerudi nyuma kabisa, na pale ilipokuwepo wanawake wanane wenye majembe, leso zimefungwa viunoni, tope mpaka viwikoni, walikuwa wakifukua mashimo huku na huku kama watu waliopotelewa na pete. Rundo moja hapa, rundo jingine kule, maji meusi yakitiririka.

Ngoja niwaeleze walichokuwa wakifanya, maana wengi wenu kamba mmeijua ya nailoni tu. Nazi ikishafuliwa, kumbi lake, lile ganda la nje lenye nyuzi, haliliwi wala halitupwi. Huzikwa pwani, pale maji yanapofika na kuondoka, likae miezi sita au zaidi mpaka lilainike. Halafu hufukuliwa, likapondwa kwa gongo, zikatoka nyuzi safi zinazoitwa usumba, na usumba ndio unaosokotwa kamba za vitanda na za kuezekea. Shimo la makumbi huwezi kuliona: bahari hulisawazisha siku ileile. Na huwezi kulifikia ila wakati wa bamvua. Kwa hiyo kila mwenye shimo husimika kijiti chake, na kila mtu kijiti cha mwenzake anakijua, na hakuna mtoto wa Mwabungo anayethubutu kukigusa.

Mwanamke mmoja alisimama kutukabili. Alikuwa mwembamba, wa umri wa mama yangu. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani na nyumbani kwenyewe ni wapi. Nikasema Mkongani. Akasema Mkongani anapajua, ana shangazi kule; yeye anaitwa Mejumaa. Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba kuna kiumbe amewaondolea vijiti. Bamvua iliyopita walichimba wasipate kitu, leo wamepata mashimo machache, na katika yale machache mawifi wawili wamegombana hawasemezani kwa sababu mmoja amefukua ya mwenzake. Vijiti vyenyewe vilikutwa chini ya mvinje, vimefungwa vizuri.

"Mtu mwenyewe ana adabu," akasema. "Hilo ndilo linalotushangaza."

Nilitazama viatu vyangu.

Bwana Mbuvi aliwauliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kuchimba hapa. Kiswahili chake cha bara kilikuwa kifupi, na kwa masikio ya pwani kilisikika kikali kuliko alivyokusudia.

"Aliyetupa ruhusa amekufa, baba," Bi Mejumaa akamjibu, "na aliyempa yeye naye amekufa."

Bwana Mbuvi akamgeukia mgeni, akamwambia kwa Kiingereza kwamba hawa ni wapita njia waliosikia habari za ujio wake wakaja ili walipwe waondoke. Msimdhanie kuwa mtu mbaya. Yalikuwa yametokea mahali pengine, watu wakapanda mipapai usiku mmoja kabla ya mpimaji kufika. Yeye aliamini anachosema, na aliamini kwa sababu afisa wake msomi, mwenyeji wa Kwale, aliandika kwamba pwani hii haitumiwi na mtu.

Mgeni alifikiri. Akaniambia niwaulize: kama ni kwao, wanaweza kuonyesha? Bwana Mbuvi akasema hilo haliwezekani, mtu yeyote anaweza kusimama kando ya shimo lolote akadai ni lake. Nikatafsiri yote mawili.

"Mwambie asitazame shimo," akasema Bi Mejumaa. "Aniulize kabla halijafukuliwa. Sisi kila mmoja ana mkono wake."

Akaeleza. Kuna anayelaza makumbi tumbo juu na kuna anayeyalaza tumbo chini. Kuna anayefunika kwa makuti, mwingine kwa majani ya mgomba. Yeye huyapanga safu kwa safu kama paa, tumbo chini, juu yake makuti yaliyokunjwa mara mbili, juu ya makuti mawe mawili na shingo ya mtungi uliovunjika. Mgeni alipotafsiriwa hayo alitikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini Bwana Mbuvi hakuwa mjinga. Alisema mashimo yaliyokwisha kufunguliwa leo kila mtu ameyaona ndani. Itafaa shimo ambalo halijaguswa.

Lililokuwa halijaguswa ni lake yeye Bi Mejumaa. Amelitafuta tangu asubuhi. Hajui liliko.

Nikatazama baharini. Kule kwenye mwamba ule mstari mweupe ulikuwa umeanza kusogea. Tulikuwa na saa moja, labda pungufu. Baada ya hapo maji yangefunika, mgeni angepanda gari, lile ombi lingesainiwa lilivyo, na kabla ya bamvua nyingine wangekuwa wameshapiga vigingi vya ukuta.

Nilijua shimo liko wapi. Au tuseme nilijua kile kijiti chekundu kilikuwa wapi, nami nilimsikia mmoja wao akisema kitambaa chekundu ni cha Mejumaa. Nikatembea mpaka kwenye maji nikarudi. Nikatembea tena. Nilikuwa mtu wa maswali, na sasa nilijiuliza yote: je, hoteli haitaleta kazi? Je, makumbi ni maisha ya kumtakia mtu? Je, si heri wahamie mbele kidogo? Ni maswali mazuri, hata leo nayaona mazuri. Lakini nilijua kwa nini ninajiuliza wakati ule. Nilikuwa nangoja maji yajae.

Nikamwendea mgeni nikamwomba kijarida. Nikasema kwa Kiingereza kwamba vijiti niliving'oa mimi, kwa ajili ya picha hii. Kisha nikamgeukia Bi Mejumaa nikalisema tena kwa Kiswahili, na hapo ndipo ulimi uliponiwia mzito.

Aliyejibu ni mmoja wa wale mawifi, akiwa ameegemea jembe lake.

"Kumbe siku hizi mwizi huvaa tai."

Wakacheka, kicheko kisicho na raha. Bwana Mbuvi aliniita kwa jina, taratibu, akaniambia nitoke pale. Sikutoka. Nilipanda juu ya lile jiwe la matumbawe, nikaiinua picha mbele ya uso wangu mpaka pengo la mwamba kwenye karatasi likalingana na pengo la mwamba kule baharini. Halafu nikaanza kumwelekeza mama wa watu kama Fernandes alivyonielekeza mimi.

"Kushoto kidogo, mama. Zaidi. Hapo. Sasa nenda mbele."

Akachimba. Mchanga mtupu. Akanitazama. Nikamwambia asogee hatua mbili. Akachimba, mchanga tena. Maji yalikuwa yamefika kwenye mashimo ya mbali, tunasikia yakiingia. Wifi akasema labda na nguo zao nimezichukua, niwaonyeshe zilipo. Nikafumba macho nikajaribu kukumbuka kwa miguu badala ya macho: mchanga mgumu, mgumu, kisha tope, kisha nikayumba. Nikashuka, nikavua viatu, nikatembea kwenye mstari uleule nikikanyaga mpaka chini pakabadilika. Palikuwa karibu zaidi ya nilivyodhani, kwa sababu siku ile nilitembea majini na majini hatua ni fupi.

"Hapa," nikasema, nikapiga magoti, nikaanza kufukua kwa mikono kwa sababu jembe lilikuwa kwake.

Alikuja akachimba kando yangu. Jembe liligonga kitu, akaliweka chini, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa shingo ya mtungi. Kisha jiwe. Kisha jiwe la pili. Makuti yalikuwa yamekunjwa mara mbili. Chini yake makumbi, safu kwa safu kama paa, tumbo chini, meusi, yakinuka vibaya kuliko kitu chochote nilichowahi kukinusa. Mgeni alichuchumaa, akatoa moja, akalivuta likafunguka nyuzi nyuzi mkononi mwake. Akaliangalia kwa muda mrefu. Kisha akauliza, bila kunitazama, ni nani aliyeandika kwamba pwani hii haina mtumiaji.

Nikasema ni mimi.

Bi Mejumaa aliuliza amesema nini. Nikamtafsiria swali na jibu. Akasema, "Haya, shika upande huu, maji yanakuja," na tukatoa makumbi yake, mimi na tai yangu, mpaka bahari ikatufukuza.

Nisiwafanye mdhani ni hadithi ya ushindi. Hoteli ilijengwa. Mgeni aliandika upya ombi lake, ukuta ukaishia kwenye mivinje na njia ya kushukia pwani ikachorwa kwenye ramani, upana wa wanawake wawili wenye mizigo. Baadaye mameneja kadhaa walijaribu kuifunga kwa sababu ya harufu, na kila mara palikuwa na kelele, na mara moja nilikwenda kupiga kelele mimi mwenyewe nikaambiwa niondoke. Watoto wa Mwabungo walipata kazi humo, wengine nzuri, wengine za kufagia nyayo. Shule ilijengwa, si kubwa. Halafu ikaja nailoni, ikafanya kwa miaka michache kile ambacho ukuta haukuweza. Kwa hiyo siku hizi nikiulizwa kama nilimwokoa mtu, nasimama naenda dirishani.

Ila kuhusu kazi nina hakika na haya. Nendeni mahali mara mbili, siku ya maji mafu na siku ya bamvua, maana pwani ni mbili. Ulizeni wanawake, si mwenyekiti pekee. Mwenyekiti atawaeleza mipaka, wanawake watawaeleza matumizi. Na mkiona kitu msichokijua kimesimama, kiacheni kwenye picha mpaka mtu awaambie ni cha nani.

Siku ile tulirudi Mombasa na madirisha yote wazi, kwa ajili ya suruali yangu. Mgeni alikuwa amebaki Diani. Bwana Mbuvi aliendesha mpaka Likoni, tukasimama kwenye foleni ya feri. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Tangu Tiwi nilikuwa nikipanga hoja zangu: ardhi, mtaji, Uhuru ni wa nani, yote niliyoyasoma Kampala na mengine niliyoyatunga njiani. Nilitaka anifukuze ili nipate kuzisema.

Alizima gari.

"Wewe unaniuliza maswali mpaka nasikia kizunguzungu," akasema. "Siku ya vile vijiti ulimwuliza nani?"

Nikamfikiria yule mtu wa baiskeli.

"Sikumwuliza mtu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, akawasha gari, tukaingia kwenye feri.

Hakunifukuza. Mwaka uliofuata nilitumwa kabatini kutafuta karatasi nyingine, nikaliona faili langu, nikalifungua. Palikuwa na mistari mitatu tu, kwa mwandiko wake: afisa huyu ana elimu nzuri, hakuuliza, aongezewe mwaka mmoja wa majaribio. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikitafuta mahali pa kubisha. Nikaisoma tena. Kisha nikafunga faili, nikavuta kiti, nikakaa.